Umefikaje? Mombasa hadi Mumias kwa arobaini ya Babu

Nimerudi Mombasa wiki mbili sasa na ndoo ya halwa bado inanuka samli. Haya nimeyaokota kwenye maandishi ya simu, tiketi zilizokunjamana na picha mia mbili na kitu, nyingi zikiwa za miwa iliyopigwa kupitia vioo vya matatu vyenye vumbi. Bei ni zile nilizolipa mwishoni mwa Januari. Ukipita wewe huenda zimepanda.

Babu alifariki Desemba, Jumatano baada ya Laasiri, akazikwa Mumias kesho yake saa nne asubuhi. Kwetu maiti hacheleweshwi, na aliye Mombasa hafiki Mumias kwa usiku mmoja. Nilikuwa zamu bandarini. Binamu yangu alinipigia simu, akaitia mfukoni mwa kanzu ili nami nisikie maziko, nikasimama nyuma ya makontena nikisikia kitambaa kikisuguana, majembe, na mtu akisema, "Leteni huku, leteni huku." Ndiyo maziko niliyoyahudhuria. Arobaini nikaapa sitaikosa.

Alikuwa daktari. Aliingia Makerere mwaka 1963, wakati Kenya haina shule yake ya udaktari (ile ya Nairobi ilianza 1967), akafanya kazi ya serikali Nakuru na Kisumu, kisha 1981 akafungua kliniki Mumias: vyumba vitatu, benchi refu, na mwembe nje ambao wagonjwa walikula matunda yake bila kuomba. Mji mzima ulimwita Daktari, bila jina. Mgonjwa akiketi, Babu hakumuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Umetoka wapi, na umefikaje?" Halafu akanyamaza, akamwacha mtu aeleze njia yake yote: alivuka mto gani, alilala kwa nani, alikunywa maji ya wapi. Sisi wajukuu tulimwigiza kwa kicheko. Safari hii ndiyo iliyonifanya niandike njia.

Siku ya kwanza, Jumatano: Miritini, Nairobi, Nakuru

Nyanya aliagiza tende, ubani na halwa kilo nne. Halwa niliitia kwenye ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko, uamuzi nilioujutia kila mahali isipokuwa mwisho wa safari.

Miritini, kwenye stesheni ya treni, abiria hupanga mizigo chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wanuse. Mbwa alipita begi langu, akapita ndoo, akarudi kwenye ndoo. Askari akaniangalia. Nikafungua kifuniko, naye akachungulia, akanusa yeye mwenyewe, akasema, "Hii ya Mombasa ama ya Lamu?" Tukapita. Treni yenyewe nairuka: 1,500 daraja la kawaida, asubuhi hadi mchana, na vumbi jekundu la Tsavo.

Nairobi nilitembea na ndoo hadi Nyamakima, ambako magari ya Nakuru hujaza. Nauli 600, na 100 zaidi kwa ajili ya ndoo, ambayo kondakta aliita mzigo ingawa niliipakata mwenyewe safari nzima. Tulitoka saa kumi na nusu jioni, tukakwama kwenye msongamano, ukungu wa Limuru ukatufunika, na Nakuru tukaingia saa tatu kasoro usiku. Kwa mtu wa pwani: beba sweta, na uiweke juu ya begi. Yangu ilikuwa chini kabisa, chini ya tende.

Shangazi yangu anaishi Bondeni. Alinipokea na chapati, maharagwe na chai ya tangawizi, akaniambia nisilie kabla ya kula. Nilipomaliza kula sikulia tena, tukazungumza.

Shangazi amezaliwa na kukulia Nakuru, na meno yake yana mistari ya kahawia, kama ya wengi wa rika lake. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, rangi hiyo hubaki maisha. Babu alipohamia Mumias aliujua mji wa mgonjwa kabla hajafungua mdomo mara ya pili. "Wewe wa Nakuru," alikuwa akisema, "ama Gilgil?" Watu wakadhani ana majini.

Siku ya pili, Alhamisi: Nakuru

Sikusafiri. Shangazi alitaka nikutane na mzee mmoja aliyekuwa mfunga vidonda hospitalini enzi za Babu, anayeishi upande wa Free Area na asiyeweza kusafiri tena kwa sababu ya magoti. Bodaboda 100. Tulimkuta kibarazani amejifunika blanketi juani.

"Wewe ni mjukuu wa Daktari yule mrefu?"

"Ndiyo, mzee."

"Alinifanya nionekane mjinga mbele ya sista mkuu." Akacheka mpaka akakohoa. Kisa chenyewe ni cha mwaka 1970 hivi. Kijana aliletwa ana homa ya kwenda na kurudi, kichwa kinamuuma, usingizi haumtoki hata mchana. Kila mtu akasema malaria, apewe klorokwini. Babu akauliza swali lake. Kijana akajibu kwamba ametoka Bonde la Lambwe, huko Nyanza kusini, alikokuwa akifyeka vichaka kwa miezi miwili. "Nikamwambia, Daktari, mtu anakufa, wewe unauliza habari za vichaka?" Babu akaomba damu iwekwe chini ya hadubini, na hadubini ikaonyesha vijidudu vya malale vinavyojipinda kati ya chembe za damu kama minyoo. Lambwe ilikuwa na mbung'o, na Nakuru haina. Bila ile njia hakuna ambaye angetafuta kitu hicho. Kijana alisafirishwa hadi kulikokuwa na dawa zake.

"Akapona?" nikauliza.

"Alirudi na kuku wawili. Mmoja alipewa mimi." Akanyamaza kidogo. "Kwa sababu mimi ndiye nilichukua ile damu."

Jioni tulikwenda kutazama ziwa kwa mbali. Tangu miaka kumi na zaidi iliyopita maji yamepanda yakameza lango kuu la zamani la mbuga, na miti iliyokufa imesimama majini. Shangazi anakumbuka ukingo mzima ukiwa wa waridi kwa heroe. Tulihesabu pelikani tukarudi. Kuingia mbugani kuna gharama yake na hulipwa kwa mtandao wa serikali, kwa hiyo kama una haraka panda tu mtaa wa juu ulitazame bure.

Siku ya tatu, Ijumaa: Nakuru hadi Kisumu, ambayo ilipaswa kuwa saa nne

Shangazi alikuwa na nafasi Jumamosi kwenye gari la mwanawe. Mimi sikuwa nayo, maana gari lilijaa masufuria. Nikapanda matatu saa moja asubuhi, nauli 800.

Salgaa malori yamepangana kando ya barabara kama ng'ombe kwenye josho, na kila dereva wa njia hii hupunguza mwendo pale, hata asiyependa kupunguza popote. Mau Summit kuna baridi, karoti, kabichi na mahindi ya kuchoma. Hapo njia inagawanyika: Eldoret unanyoosha, Kericho na Kisumu unakata kushoto. Ukilala usingizi kwenye gari lisilo lako utaamka Burnt Forest. Imemtokea binamu yangu.

Kisha majani chai. Nimeyaona mara nyingi, na kila mara huwa nasahau jinsi yalivyo mengi, yamekatwa sawa kana kwamba kuna mtu aliyapitisha kisu cha siagi. Babu hakupenda kusimama Kericho bila kutoa somo. Juu huku kuna baridi, mbu wa malaria hastawi sana, basi watu hukua bila kuuzoea ugonjwa. Mtoto wa kando ya ziwa akiumwa malaria mara kumi na akaponyoka, mwili wake hujifunza kupigana nayo. Mtu mzima wa Kericho akiteremka Kisumu kwa harusi ya siku mbili, mbu mmoja humlaza kitandani kama mtoto mchanga. Na miaka ambayo joto na mvua huwapandisha mbu mlimani, kama ilivyotokea kwenye mashamba ya chai miaka ya 1990, wodi hujaa watu wazima. "Homa ni ileile," alisema Babu. "Njia ndiyo tofauti."

Tabia hiyo aliitoa Makerere. Kulikuwa na daktari mpasuaji Mwailandi aitwaye Denis Burkitt, mwenye jicho moja, aliyewaona Kampala watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya na akataka kujua ugonjwa ule unaishia wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu aina ya Ford wakaendesha kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, maili elfu kumi, karibu kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Walipochora ramani, uvimbe ulikuwa unafuata joto na mvua. Ulikuwepo mabondeni kwenye malaria na haukuwepo nyanda za juu zenye baridi. Leo saratani hiyo ina jina lake. Babu alimsikia akiwahutubia wanafunzi, na jambo alilolishika maisha yake yote halikuwa saratani, lilikuwa gari. Kwamba mtu anaweza kujua ugonjwa kwa kufuata barabara.

Barabara yetu sisi ilikatika kilomita chache baada ya mji wa Kericho. Mkanda wa feni ulipasuka, maji yakachemka, dereva akafungua boneti na akaitazama injini kwa namna ambayo sote tulielewa. Makanga akasema dakika ishirini. Tulikaa saa tatu.

Kando ya barabara palikuwa na mama anayeuza mahindi na ndizi. Baada ya saa nzima nikamfuata kuomba choo. Nikajaribu "Chamgei", akajibu kwa furaha na kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa, kisha akahamia Kiswahili, akanipeleka nyumbani kwake nyuma ya mistari ya chai, akanipa maji ya moto ninawe uso. Kwenye mlango wa jikoni paliangikwa kibuyu. Akanimiminia mursik, maziwa ya mgando, yakiwa na vumbi la mkaa na harufu ya moshi. Nikamsikia Babu sikioni, maana mgonjwa yeyote aliyeumwa viungo na kutoka jasho usiku aliulizwa maziwa aliyoyanywa, mabichi au yaliyochemshwa, kwa hofu ya bruselosi. Nikauliza.

Mama yule akanitazama kana kwamba nimeuliza kama ng'ombe ana mkia. "Yamechemshwa, mwanangu. Kwani mimi niko na miaka mingapi?"

Nikanywa bilauri mbili. Pesa alikataa. Nikarudi garini nikamletea halwa kwenye jani la mgomba, akaionja, akauliza ni ya kupaka ama ya kula.

Mkanda ulifika kwa bodaboda saa saba. Tuliposhuka kuelekea Awasi na Ahero joto likatupokea, na hapo ndipo samli ya halwa ilipoamua kuyeyuka. Ilipenya kifuniko, ikateremka gotini mwangu, ikaingia kwenye begi la vifaa la fundi mwashi aliyekaa karibu nami. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akatoa pimamaji yake, akaifuta kwa kitambaa, akanusa kitambaa. "Hii ni iliki?" Nikamfungulia ndoo. Alikula kwa mwiko wake mdogo, baada ya kuufuta, nakuhakikishia, na akashuka Ahero kwenye mashamba ya mpunga akinishukuru mimi.

Neno kwa wabeba halwa: iwekeni ndani ya mfuko, kisha mfuko mwingine, kisha ndoo. Tena si ndoo hii.

Kisumu saa kumi jioni. Chumba karibu na soko la Kibuye 1,500, chandarua kizima, maji ya bomba baridi. Usiku haujaingia nikachukua tuktuk ya 250 hadi ufuo wa Dunga, nikala ngege wa kukaanga na mchuzi, ugali na sukuma kwa 600. Kulikuwa na magugu maji yamesogea mpaka kwenye mashua, na watoto walikuwa wanaogelea upande wenye maji wazi. Kwenye maji kama yale konokono hubeba kichocho, kinapenya ngozi bila mtu kuhisi. Babu alipokuwa Kisumu, mvulana akija na mkojo mwekundu au tumbo limemjaa, hakuuliza kama ameoga ziwani. Alimuuliza anapita wapi akienda shule. Akiuliza habari za ziwa, alisema, watoto husema hapana kwa sababu mama yupo pale.

Sikuingiza mguu majini. Jua lilikuwa jekundu, picha yake ninayo, haifai kitu.

Siku ya nne, Jumamosi: Kisumu, Kakamega, Mumias

Asubuhi nilitembea hadi Russia. Hospitali kuu ya Kisumu leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwambie mtu wa tuktuk jina hilo lote atakuuliza, "Unamaanisha Russia?" Ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960, na siku ya kufunguliwa kwake, Oktoba 1969, iliishia kwa risasi na vifo. Babu alifika kama miaka mitatu baadaye. Alisema wagonjwa walikuwa bado wanaiogopa ile njia ya langoni, wanazunguka nyuma, na kwamba hilo nalo aliliandika. Nilisimama kando ya barabara, watu wakipita na vyakula vya wagonjwa kwenye hotipoti, nikajaribu kumfikiria akiwa na miaka thelathini, hana mvi, hajawa babu wa mtu. Nilishindwa. Nikanunua njugu karanga za 20, nikapanda gari la Kakamega hapohapo, 300.

Barabara inapanda kupitia Kiboswa, unavuka ikweta bila gari kushtuka, Majengo, Mbale, Chavakali, nyumba zimebanana na migomba. Ilesi nikalitazama Jiwe Liliaalo, nguzo ya mwamba yenye kichwa cha jiwe juu yake. Lina michirizi kama mtu aliyetoka kulia, ila Januari hiyo lilikuwa kavu. Abiria wa mbele, mzee wa Kiisukha, akatuambia kwamba hulia kwa majira yake, lisilazimishwe.

Kakamega hadi Mumias ni Probox, 200, na huondoka ikijaa, kujaa kwenyewe kukiwa ni watu wanne nyuma na wawili mbele mbali na dereva. Ndoo ilikaa magotini pangu, mtoto wa jirani akakaa juu ya ndoo. Mukombero, mzizi wa kutafuna, uliouzwa dirishani nilinunua wa 50, nikatafuna njia nzima, mdomo ukawaka. Ukitoka Kakamega miwa inakuja polepole, shamba moja, mawili, kisha hakuna kingine.

Ukoo wetu ulifika Mumias kwa njia hii ikiwa bado ya miguu. Pale palikuwa Elureko, makao ya Nabongo, mfalme wa Wanga, na misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Uganda kutafuta pembe ilipumzika hapo. Wazungu waliokuja nyuma yao wakaandika Kwa Sundu, kisha Kwa Mumia. Babu wa Babu alitoka Mombasa na msafara mmoja wapo, akaugua, akauguzwa kwenye nyumba ya Kiwanga, na msafara ulipoondoka yeye hakuondoka. Miezi mitatu kwa miguu. Mimi nilitumia siku nne, moja kati yake ya kupumzika, na nililalamika kila kituo.

Nilifika saa nane. Nyumba imejaa, moshi wa kuni uani, wanaume wanafunga turubai. Nyanya yuko ndani, kwenye eda, amevaa kanga nyeupe. Nikambusu mkono. "Umekula?" akaniuliza. Nikasema bado. "Mpeni chakula." Nikakaa miguuni pake nikitafuna mhogo, wajomba wakaingia, shangazi akaingia na masufuria yake, kila mtu akaniuliza habari za Mombasa, kazi, na kwa nini nimekonda. Nikawa nasubiri lile swali lingine. Nyumba ile sijawahi kuingia bila kuulizwa.

Siku ya tano, Jumapili: arobaini

Kisomo kilianza saa tatu. Juzuu ziligawanywa, khitma ikafungwa kabla ya Adhuhuri, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa na kuitikiwa hadi barabarani. Pilau ilipikwa kwenye sufuria tatu, na halwa yangu, iliyobaki kilo tatu na ushei, ikaliwa kwa dakika kumi. Walikuja Waislamu na Wakristo, kutoka Ekero, Shianda, Matungu, Butere. Mmoja alileta jogoo hai akamfunga kwenye mguu wa benchi la kliniki, akasema ni deni la zamani, wala hakutaja la nini.

Baada ya chakula binamu alinifungulia kliniki. Babu aliifunga 2019 macho yalipochoka, lakini kadi za wagonjwa bado zimo kwenye mabati ya biskuti, zimepangwa kwa kijiji, si kwa alfabeti. Wamejadiliana ndani ya ukoo wazichome au la, kwani siri ya mgonjwa si ya wajukuu kuisoma, na mimi naunga mkono zichomwe. Nilizitazama juujuu tu. Hata hivyo dawa za malaria zilionekana kwa macho zikibadilika kadi baada ya kadi: klorokwini, klorokwini, klorokwini, kisha Fansidar kuanzia 1998, kisha tangu 2006 zile mpya za vidonge 24 kwa siku tatu. Na juu ya kila kadi, pale ambapo daktari mwingine angeandika ugonjwa, mstari wa njia. *Kwa miguu kutoka Bulimbo, saa tatu, mimba miezi minane. Safari ijayo nitamfuata mimi.* *Ng'ambo ya Nzoia, kwa mtumbwi, amelowa.* *Kwa baiskeli, amebebwa na kaka. Panga, shamba la miwa.*

Bati la Mombasa lilikuwa na kadi zetu wajukuu. Yangu: *Miaka 7. Basi la usiku, siti ya nyuma. Embe bichi na pilipili, Voi. Anahara tangu Nakuru.* Na chini yake, kwa kalamu nyingine: *Si kipindupindu. Ni embe.*

Nikatoka nikakaa chini ya mwembe. Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja mkongwe, fimbo mapajani, aliyetoka upande wa Matungu. Nikamsabahi, "Mulembe, kukhu." Akaitikia, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Wewe umetoka wapi," akasema, "na umefikaje?"

Lilikuwa swali lilelile, na pumziko lake lilelile katikati. Nikamwambia. Nilianza na mbwa wa Miritini. Nikamweleza ukungu, sweta iliyokuwa chini ya tende, mzee wa kuku wawili, mkanda wa feni, mursik, fundi mwashi na mwiko wake, tuktuk, Probox, mtoto juu ya ndoo. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye lango la nyumba nikakuta nalia, naye akaacha nilie, kisha akainama kidogo akitazama vifundo vyangu vya miguu.

"Umekaa kwenye magari siku nyingi," akasema. "Imevimba. Iinue."

Nikaiinua juu ya benchi, jogoo akasogea.

Siku ya sita na ya saba: kurudi

Basi la moja kwa moja Mumias hadi Mombasa ni 2,500, na huondoka jioni. Kata tiketi siku moja kabla na uchague upande wa kulia, maana asubuhi jua la Machakos huingia kushoto. Chukua maji, na kila linaposimama shuka utembee hata kama hutaki choo. Nairobi tulipita alfajiri, nikalala hadi Mtito Andei.

Voi saa sita mchana wauza maembe walilizunguka basi na mifuko: mabichi, yamekatwa, yana chumvi na pilipili. Kijana alinisogezea mmoja dirishani, 50 tu. Nilikuwa siti ya nyuma. Nikamwambia niletee ndizi.